Usiwashe Tena Kamiyo

Baba Tracy,

Usijaribu tena kuwasha kamiyo, utaua batri bure. Chai iko mu termosi, mukate iko chini ya sahani.

Asubuhi ulinifokea mbele ya bajirani, ati nimemaliza batri kwa kuchaji telefone mu kabini. Halafu ukaenda kutafuta batri ya kuazima. Lakini batri ni nzima: motere ilikuwa inazunguka na nguvu, moshi mweupe unatoka. Mazutu, mafuta yake, inafika, ila haishiki moto juu ya baridi hii ya mwezi wa saba. Ni wewe ulinifundisha vile, wakati tulikuwa tunasafiri na kamiyo hii ya mizigo sisi wawili Kolwezi, Tracy hajazaliwa.

Nimeita Guelor, fundi wa umeme. Amepima: buji za kupasha motere hazipati moto hata moja, relé yake, ile swichi ya kuzipelekea umeme, ndiyo imeungua. Naenda kutafuta ingine mu maduka ya Kamalondo. Guelor atarudi muchana kuiweka.

~~Leo utajipikia.~~ Samaki iko mu sufuria, pasha tu.

Nimechoka, Rigobert. Nikirudi, usianze na habari ya relé. Uniulize kwanza kama nimekula.

Bibi yako