Mashine Inayong'aa Haichomi CD

Baba Scola,

Nimekwenda Singida mjini. Uji uko kwenye chupa, na mbuzi uwafungulie wewe.

Ile mashine ya kuchomea CD uliyoichagua kwa kuwa inang'aa, asubuhi nimeichomeka kwenye kompyuta ikakataa. Nikampigia fundi Sixbert, akacheka: "Mama, hiyo inasoma tu, haichomi." ~~Usichague tena kitu peke yako.~~ Usinune, hata mimi ningeipenda. Naenda kuibadilisha.

Kompyuta usiizime kabisa! Inaweza isiwake tena, na nyimbo alizoimba mama yako kabla hajafariki zimo humo tu. Nikirudi tunachoma za kwake kwanza. Video ya harusi yetu itasubiri. Kwa ulivyocheza siku ile, hakuna anayeililia.

Mama Scola