Tundu Chini ya Wota Pampu

Alhamisi, 3 Machi 2016
Mvua tangu alfajiri. Daraja la kwenda upande wa chini wa kambi limekatika, gari la wagonjwa halipiti. Kinachopita ni pikipiki yetu ya magurudumu manne tu. Hapa gereji tunaiita Kaa. Na leo Kaa naye kachemsha katikati ya tope! Dismasi, dereva wake, karudi anaisukuma na wakimbizi sita. Mama mjamzito ambaye Dismasi alikuwa anakwenda kumchukua kabebwa kwenye blanketi, mwendo wa saa mbili. Kajifungulia njiani. Wamepona wote wawili, alhamdulillahi. Verediana, mkunga, alikuja gereji tope mpaka magotini. Akauliza tu: itapona lini?

Ijumaa, 4 Machi
Leodgar, fundi mkuu, kaamua. Gasketi ya silinda hedi imeungua, injini ifunguliwe, vifaa viagizwe Dar. Wiki tatu! Nikamwambia, Mzee, tutafute kwanza inapovujia. Akacheka. Eti mimi nimezoea injini za boti kule Bangwe, hizi ni nyingine.
Ni kweli nimezoea. Miaka kumi na tisa, tangu marehemu baba aniachie spana zake. Na injini ya boti bila maji kuzunguka haifiki hata Mwamgongo. Maji nayajua!
Nilichomoa kijiti cha oili. Nyeupe kama chai ya maziwa. Basi maji yanaingia kwenye oili. Ila moshi si mweupe, na rejeta haitoi mapovu. Gasketi? Sidhani.

Jumamosi, 5 Machi
Nimeipata!
Niliikausha injini yote kwa kitambaa. Nikajaza rejeta maji, nikafunga mdomo wake kwa mpira wa baiskeli, nikaingiza hewa kwa pampu, kidogo kidogo. Nikasubiri. Mipira ya rejeta — mikavu. Hedi — kavu. Nikalala chali chini ya wota pampu, inayozungusha maji ya injini. Pale chini pana tundu dogo, limewekwa makusudi na waliotengeneza: sili ya maji, ule mpira wa kuyazuia, ikichoka, maji yatokee hapo, fundi aone. Sikuliona. Nikapapasa kwa kidole — gundi ya chuma! Mtu kaliziba! Maji yamekosa pa kutokea, yakavuka sili ya pili, ile ya oili, yakaingia kwenye oili.
Nikaikwangua gundi kwa bisibisi. Tone. Tone. Tone.
Nikamwita Leodgar. Akainama, akaangalia muda mrefu. Akasema aliliziba yeye mwezi uliopita, akidhani anazuia uvujaji. Halafu akatoka nje, mvuani, bila kofia. Sikufurahi kama nilivyotegemea. Lakini gasketi ni nzima! Mimi, Nasma, nilisema!

Jumapili, 6 Machi
Nimempigia kaka yangu Abdulatif, anauza vifaa vya boti Ujiji. Nikamsomea vipimo vya sili zote mbili. Akaniambia dada, hizo za pikipiki sina. Nikamwambia sikuulizi za pikipiki, nakuuliza vipimo. Akacheka, akaenda kupekua. Ya oili kaipata sawasawa. Ya maji inaingia kwenye shafti, ila kwa nje ni ndogo kwa milimita mbili. Nikasema tuma hivyo hivyo.

Jumatatu, 7 Machi
Basi lilichelewa, lilinasa baada ya Kidahwe. Mzigo umefika saa tisa.
Nikaenda kwa Nikodemu. Ni mkimbizi, alikuwa fundi wa kukereza chuma Bujumbura, sasa anafundisha vijana kwenye karakana ya kambi. "Amahoro, mama," akanisalimia kwa Kirundi. Nikamwonyesha. Inatakiwa bushi nyembamba, ikae kati ya sili na pampu, ijaze zile milimita mbili. Hakuuliza mengi. Akachukua koki kuukuu ya shaba, akaifunga kwenye mashine. Anakereza, anapima, anapuliza, anapima tena. Akaniwekea kiganjani — nyembamba kama pete! Akasema tangu avuke mpaka hajatengeneza kitu kitakachotembea.

Jumanne, 8 Machi
Bushi imeingia kwa kugongwa taratibu. Sili zimekaa. Nimemwaga oili mara mbili mpaka ikatoka safi. Tundu nimeliacha wazi! Nikaiwasha. Saa nzima, feni inawaka, inazima, inawaka. Chini hakuna hata tone. Dismasi alikuwa anacheza pale uani kama harusini. Leodgar alikuja, akashika rejeta, akaangalia oili, akaenda zake.

Jumatano, 9 Machi
Saa nne redio imeita. Mama mwenye mimba ya mapacha, upande wa chini, uchungu tangu jana. Dismasi na Verediana wameondoka na Kaa. Nimekaa hapa na redio kifuani, siwezi kula.
Saa tano kasoro. Sauti ya Dismasi: wamevuka mto, injini haijachemsha! Wanampakia mama. Nimepiga kelele, gereji nzima imegeuka. Spana za baba hizi!
Sasa wanarudi. Mvua imeanza tena. Redio inakoroma tu.
Hapa uani kuna mtu anasukuma pikipiki nyingine kama Kaa, ya watu wa mgao wa chakula. Ni Leodgar, peke yake. Kaisimamisha mbele yangu, kafuta mikono kwenye suruali. "Hii nayo niliiziba mimi," kasema, wote wanasikia. Kanyoosha mkono, kaniomba spana. Kalala chali chini yake, ananiuliza aanzie wapi — na kwa mbali, mvuani, nasikia mlio wa Kaa.