Hakuna Nadharia Kuhusu Mhunzi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Jumapili haijafika, maana Jumapili ndiyo siku anayopiga simu, na mimi sijui tena kama nipokee au niiache ilie kama nilivyoiacha Jumapili mbili zilizopita, nimekaa mbele yake naitazama inavyotetemeka juu ya meza ya kazi mpaka inanyamaza yenyewe.

Mimi ni fundi wa makochi. Karakana yangu iko nyuma ya chumba ninacholala, navua vitambaa vilivyochakaa, nabadilisha sponji na springi, nalivalisha kochi upya, na mchana kutwa ninaoongea nao ni wateja wanaouliza kazi itakuwa tayari lini, na jirani yangu mshona mapazia, ambaye ulimi wake unakata kuliko mkasi wake. Anayenipigia simu ni binti yangu, na si siri kwa mtu yeyote kwamba mimi ni baba yake wa kambo, mama yake alikuja kwangu akiwa naye tayari, mtoto anaongea, akaingia karakana ameshika gauni la mama yake akasikia wateja wananiita Fundi, naye akaniita Fundi, na mpaka leo ambapo ni mtu mzima, mfamasia, anaishi nchi ya mbali ambako watu hawavui makoti, bado ananiita Fundi. Baba yake mzazi aliondoka kabla hajazaliwa na hakuna aliyewahi kumtafuta. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la sita, tukabaki wawili, mimi nagonga misumari, yeye anafanya kazi za shule kwenye kochi la kijani lililoko kona, ambalo mteja mmoja alilileta kutengenezwa akapotea, hakurudi kulichukua, na hadi sasa lipo.

Alipoondoka, simu zetu zilikuwa hivi: "Shikamoo Fundi." "Marahaba." "Kazi?" "Nzuri. Huko baridi?" "Baridi." Baada ya hapo kila mtu anasikiliza mwenzake anavyopumua. Halafu akanitumia kitabu kinaitwa Kiti cha Chumvi, nikadhani ni kitabu cha ufundi wa viti, nikamshukuru, nikafungua kutafuta vipimo nikakuta majoka. Nilipomwambia alicheka mpaka akakohoa, na sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu apande ndege, basi nikakisoma chote, mimi ambaye kusoma kwangu kulikuwa magazeti ya kufungia misumari, na akatuma cha pili, na cha tatu, na Jumapili zikawa na maneno.

Kwa asiyejua, humo kuna msichana anaitwa Mshika Taa, amelelewa na mhunzi mmoja huko mpakani, hajui wazazi wake, na wasomaji dunia nzima wanagombana mitandaoni baba yake ni nani. Binti yangu ana nadharia yake, kwamba baba ni Mfalme Aliyezama, na kila wiki ana ushahidi mpya. "Fundi, fungua pale mhunzi anapompaka dawa kifuani, siku ya homa. Umeiona alama ya bega?" Nafungua, nasema naiona. Wiki nyingine ni pale mhunzi anapojaza matambara kwenye viatu vyake vikubwa ili avivae msichana, eti nyayo zake ni nyembamba kama za ukoo wa kifalme. Nyingine ni pale anapomsuka nywele na mikono yake ina masizi, eti nywele zile si za watu wa mpakani. Mimi naandamana naye tu, nafurahi.

Mpaka siku niliyouliza, "Na mhunzi je? Si ndiye aliyemlea?" Akasema, "Mhunzi alikuwa mlinzi tu, Fundi. Alikabidhiwa mzigo, akaulinda." Mshauri, nilikuwa nimeshika koleo, nikaliweka chini. Mlinzi tu. Nikauliza kama huko bado baridi. Wiki iliyofuata akauliza, "Hivi unadhani mhunzi alikaa naye kwa sababu alimtaka, au kwa sababu hakuna aliyekuja kumchukua?" Nikamwambia mtandao unakatika. Jumapili nyingine akalirudia swali lile lile, nikamwambia nina mteja mlangoni, na mlangoni hapakuwa na mtu.

Nikamweleza mshona mapazia, naye hata cherehani hakusimamisha. "Anakuaga kistaarabu huyo. Leo mfalme wa kwenye karatasi, kesho anakata tiketi kumtafuta wake. Wewe utabaki unapigiwa simu na hayo makochi." Tangu hapo sipokei, kwa sababu nikipokea ataniambia, na nisipopokea hajaniambia.

Sijawahi kumdai chochote, hata wajomba zake walipokuja na pikapu baada ya msiba, wakaiacha inanguruma nje, wakakaa kwenye lile kochi la kijani wakasema huyu si damu yako, sisi tunamchukua, wewe uko huru uoe, yeye akiwa shuleni, niliwajibu haiwezekani ana mtihani, na waliporudi nikasema anaumwa mafindofindo, na waliporudi tena nikasema sare yake iko kwa fundi cherehani, nayo imetundikwa ukutani nyuma yao, mpaka wakachoka, na sikumwambia, nisije nikaonekana nataka asante.

Juzuu ya sita, ya mwisho, imefika kwa kifurushi. Humo baba anajulikana. Sijaifungua. Akishajulikana tutaongea nini? Nipokee simu, au nimwache aende zake kwa watu wake?

Wako,
Fundi wa Makochi


Fundi,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimetamani nikunyang'anye nyundo nikugonge nayo kidole. Mhariri alipita mlangoni akanikuta nafoka peke yangu.

"Nani tena?" akauliza.

"Kuna mtu anapigiwa simu na mtoto wake, hapokei."

"Basi andika, usituvunjie madirisha."

Kwanza, pole. Karakana ikinyamaza jioni, mtu anabaki na vitu ambavyo vimewahi kukaliwa na watu. Naelewa. Pole imetosha, sasa tuongee.

Kiti cha Chumvi nimekimaliza, juzuu zote sita, kwa hiyo usidhani utashauriwa na mtu anayedharau majoka. Majoka hayana neno, hayajamdhuru mtu. Nina ugomvi na kitu kingine. Watu wazima, wenye kazi na akili zao, wamekesha mitandaoni wanapima rangi ya macho, wanachora koo za wafalme, wanahesabu vidole vya farasi kama farasi ana vidole, ili wajue ni nani aliyemzaa Mshika Taa. Nenda kaangalie. Nadharia zimejaa kuhusu mfalme, kuhusu jemadari, kuna mwendawazimu mmoja ana nadharia kuhusu joka. Kuhusu mhunzi hakuna hata moja. Mtu aliyemwosha yule mtoto, akamlisha, akamkinga na baridi, anahesabiwa kama ngazi ya kupandia kwenye kiti, ukishafika juu unaipiga teke. Nimekuwa nikipiga kelele juu ya hili kwenye gazeti hili mpaka wasomaji wengine wananiita mshauri wa wahunzi. Waniite.

Lakini wewe, Fundi! Wewe mwenyewe ni mhunzi, na umeumeza uongo huo bila hata maji. Umewaamini watu wa mitandaoni, ukamwamini mshona mapazia, na hukumwamini binti aliyeko upande wa pili wa simu.

Haya, niisome barua yako kama wao wanavyosoma vitabu. Unasema anamtetea Mfalme Aliyezama. Vizuri. Mfalme huyo ana kurasa kibao: vita vya juzuu ya pili, hotuba, taji, jahazi linavyopasuka. Mtu anayemtaka mfalme angekupeleka huko. Binti yako amekupeleka wapi? Kwenye homa na dawa ya kifuani. Kwenye viatu vyenye matambara. Kwenye mikono ya masizi inayosuka nywele. Kila Jumapili amekushika mkono akakuingiza kibandani kwa mhunzi, akakuonyesha kitu kimoja baada ya kingine, na wewe ulikuwa umekazana kuangalia alama ya bega! Nani alimpaka yeye dawa, Fundi? Nani alimsuka, baada ya mama yake? Hukuandika. Nakisia, na sikisii kwa shida.

Akasema "mlinzi tu". Imekuuma, ingemuuma yeyote. Lakini wewe unayebishana na wateja juu ya bei ya sponji hukubisha hata neno moja. Alitega sikio asikie utasema nini, akasikia koleo linawekwa chini.

Ndipo akauliza waziwazi, mara mbili. Hebu niambie, kuna mtu anapiga simu kutoka nchi ya mbali, kwa vocha yake, kuulizia mhunzi wa hadithi kama alimtaka mtoto au alikosa wa kumpa? Swali lile halimo kwenye Kiti cha Chumvi. Limekaa kwenye kochi la kijani na madaftari ya darasa la sita, limemsikiliza mwanamume anagonga misumari bila kusema kitu, limekua, limesomea ufamasia, limevaa koti. Amelipitishia kwa mhunzi kwa sababu nyumbani kwenu ndivyo mnavyoongea, jambo zito linapitishwa kwenye kitu kingine, la sivyo halipiti. Nani alimfundisha hivyo? Si mfalme.

Nikafika kwa wajomba. Umewasokomeza katikati ya sentensi kama mtu anayeficha springi iliyovunjika kwa kitambaa kizuri. Walikuja! Walikuja na pikapu ikiwa imewashwa, nawe mtu wa maneno machache ukasimama mbele ya ukoo mzima na sababu za kitoto. Ana mtihani! Mafindofindo! Sare! Nimecheka, halafu nikashindwa kuendelea kucheka. Katika juzuu sita za Kiti cha Chumvi hakuna shujaa aliyetetea ngome kwa silaha mbovu kiasi hicho, akashinda.

Na hukumwambia. Hukutaka kuonekana unadai asante. Ni heshima, naijua, nimelelewa na watu wa heshima za namna hiyo na bado nina hasira nao. Heshima yako imemwacha miaka yote akidhani alibaki kwako kama lile kochi: kaletwa, mwenyewe hakurudi, basi likawekwa kona. Hilo ndilo analouliza. Kati ya watu wote duniani wewe peke yako ndiye mwenye jibu, na umemwambia mtandao unakatika.

Mshona mapazia mwambie ashone mapazia.

Kuhusu kukuita Fundi, acha manung'uniko. Kaa usikilize wateja wanavyolitamka, halafu usikilize yeye. Mshika Taa naye hajawahi kumwita mlezi wake jina jingine ila Mhunzi, na mwenye masikio anaelewa. Na juzuu ya sita, ndiyo, baba anatajwa. Ninamjua. Nilipofika ukurasa huo nilipiga miayo nikafunua mwingine, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kujua kama mhunzi bado yuko hai. Soma mwenyewe, lakini baadaye, pamoja naye.

Mtaongea nini baba akishajulikana? Mtaongea habari zenu. Itakuwa ngumu kuliko majoka. Zoeeni.

Sasa fanya hivi. Jumapili usiisubiri. Gazeti hili likikufikia, zima redio, fukuza mteja kama yupo wa kweli safari hii, upige wewe. Atashtuka, atadhani umeanguka. Mwambie u mzima. Kama amekasirika kwa zile Jumapili mbili, mwache amalize, ana haki. Halafu mwambie, "Lile swali la mhunzi, jibu ninalo." Mweleze habari ya pikapu. Mweleze walikaa wapi. Mweleze mtihani, na mafindofindo ambayo hakuwa nayo, na sare iliyokuwa imetundikwa ukutani nyuma ya migongo yao. Mwambie walikuja, wakarudi, wakarudi tena, na wewe hukumtoa kwa sababu ulimtaka. Hilo neno la mwisho litamke lote, usilimeze. Usimalizie kwa kuuliza kama huko ni baridi.

Baada ya hapo patakuwa na kimya. Kitakuwa kirefu, utaisikia pumzi yake, na mkono wako utatafuta nyundo. Tulia hapo hapo, na usithubutu kusema mtandao unakatika.