Bi Mize na Mdogo Wake

Mtambile, Pemba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu yako inaendeleaje, na kikohozi cha baba kimepoa? Mwanao sijambo, Alhamdulillahi. Karafuu zimeanza kuchumwa, hata nguo zangu za kusomeshea zinanukia.

Mama, kuna jambo limenikaa kichwani. Katika nyumba ninayokaa, ya Bi Mize, mtu wa makamo yako, wanawake hukutana uani kila alasiri kusuka ukili wa mikeka, nami huwasomea kitabu cha Kiingereza nikikigeuza Kiswahili papo hapo. Ni hadithi ya karne iliyopita. Binti mkubwa wa kasisi anampenda daktari. Akiona mdogo wake naye anamtazama, ananyamaza, anamshonea mdogo wake nguo ya harusi, kisha anamuuguza baba yake mpaka yeye mwenyewe anaota mvi. Mwandishi anamsifu kama malaika.

"Kwani alimtamani kweli huyo daktari?" akauliza jirani yetu, Bi Raya.

Nikasema kitabu hakisemi, ila mikono yake ilitetemeka alipompokea kofia.

"Basi kishasema!" Wakaangua kicheko.

Bi Mize hakucheka. Aliweka ukili chini. "Miye nilifanya vivyo hivyo. Saidi alinitaka miye kwanza. Nikaona Zuhura, mdogo wangu, anavyomtazama, nikamwambia baba simtaki. Akaolewa yeye. Miaka thelathini sijamwambia mtu."

Kesho yake asubuhi akanichukua, tukapanda gari mpaka Micheweni kwa Bi Zuhura, ambaye sasa ni mjane. Akamwambia yote hata maji hatujapewa.

Bi Zuhura alimkodolea macho. "Dada, miye sikumtaka Saidi! Nilimtazama kwa kuwa nilijua atakuwa shemeji yangu. Weye ulipokataa, baba alifedheheka mbele ya watu. Nikakubali kuolewa miye ili nimsitiri."

"Mbona hukusema?"

"Na weye mbona hukuniuliza?"

Bi Mize akauliza polepole kama Saidi alikuwa mume mwema.

"Mwema sana. Lakini tuliishi kama wageni wawili wenye adabu."

Bi Mize alilia, mama, na nadhani kilikuwa kilio cha hasira zaidi ya huzuni. Mdogo wake akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka adhuhuri.

Niliporudi nilikipekua kile kitabu ukurasa kwa ukurasa. Hakuna mahali yule binti anapomuuliza mdogo wake anataka nini. Na wewe je, mama, kuna ulichokiacha kwa ajili yetu? Sikulaumu. Nataka kujua tu, maana nimekaa nawe miaka ishirini na mbili sijakuuliza.

Na langu nalisema leo. Posa ya mtoto wa ami ilipoletwa siku za Idi, niliinamisha kichwa, baba akasema kimya cha mwanamwali ndiyo ridhaa yake. Haikuwa ridhaa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuona umefurahi. Simtaki, mama. Nikija kumtaka mtu, utalisikia jina lake kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mweleze baba taratibu, akishakunywa chai. Nibusie mikono ya bibi, na shangazi mshonaji mwambie gauni lake limenikaa vizuri. Mdogo wangu Maryamu msalimie sana. Na kabla hamjamwoza yeye mahali pangu, nakuomba kaa naye faragha, umuulize, kisha umngoje mpaka ajibu.

Mwanao akupendaye,
Salma