Simu Ndani ya Ndoo ya Unga

Jumatatu, 2 Septemba
Sijui daftari la siri huanzwaje. Barua najua. Basi, salamu kwako daftari. Mume wangu Jumaly hajambo, ila mguu aliouvunja kazini bado uko kwenye plasta. Mama mkwe Batma hajambo, angekusalimu kama angejua upo. Binti yangu Aizirek hajambo. Mwanangu wa kiume Nurdin hajambo, anarefuka mpaka suruali zinamkimbia. Mimi sijambo — uongo.

Mkopo wa nyumba. Miezi mitatu sijalipa. Benki wameandika: tusipoonekana kabla ya tarehe 20, wanakwenda mahakamani, na nyumba inaondoka. Jumaly anajua. Mama hajui. Wakipiga simu naitia kwenye ndoo ya unga. Leo imelia mara nne, unga unatetemeka.

Jumatano, 4 Septemba
Nimekwenda ofisi ya ushauri wa bure, nyuma ya soko. Nilibeba maandazi, mtu haendi mikono mitupu. Mshauri anaitwa Begaiym, mdogo kuliko viatu vyangu.

Akaniuliza, dada, benki umewaambia mumeo ameumia?
Niwaambie vipi, na mimi nawakimbia?
Akasema waandikie wewe kwanza, omba wapunguze malipo mpaka mguu upone. Lakini uende na chochote mkononi.

Kisha akataka kujua mshahara wangu wa kupika shule ya chekechea unakwenda wapi. Nikamwonyesha. Akaweka kidole: na hizi bahasha?
Za kutunza kwenye sherehe. Agosti tu harusi tatu, tohara moja, na mtoto wa jirani kaanza kutembea.
Na wao wamekuletea lini?
Nikamwambia, bado. Miaka tisa tumo humu, sherehe ya kuingia nyumba hatujafanya. Nilisema tutaalika mkopo ukiisha, nyumba ikiwa yetu kweli.
Akaweka kalamu chini. Dada Sabira, umewatunza watu wa mji mzima wa Tokmok, unangoja meno yaishe ndipo uwaalike?

Nimecheka mpaka nikalia.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimemwambia mama mkwe yote: deni, na sherehe ya kuingia nyumba tunayotaka kuifanya. Aligeuza bakuli lake la chai mara tatu.
Akasema, mkwe wangu, miaka tisa nilidhani hualiki watu kwa kunionea aibu mimi.
Aibu ya nini, mama?
Ya mdomo wangu.
Kisha akasema kondoo wake yuko kwa kaka yake kijijini, achinjwe. Na nisipike vitu vya kujionyesha.

Jumamosi, 14 Septemba
Wamekuja! Viatu vimejaa mpaka ngazi ya ghorofa ya tatu. Kila mtu anaingia na bahasha, anasema tulidhani mtatualika siku ya kiama. Kanyshai wa ghorofa ya chini, niliyemtunza kwenye harusi za mabinti wake wanne, ameleta nene kuliko zote. Akasema kwa sauti, nimechoka kuwa na deni lako. Kumbe na wao walikuwa hawalali.

Mama Batma aliwaombea dua wote, mdomo wake haukumuudhi hata mmoja. Basi, takriban.

Malipo ya miezi miwili na nusu yamepatikana.

Jumatatu, 16 Septemba
Nimelipa benki mwenyewe, dirishani, kichwa juu. Na barua nimeandika kwa mkono wangu, mimi wa darasa la nane. Nimeanza na salamu: mkurugenzi, wahasibu wote, yule msichana anayepiga simu, na mlinzi wa mlangoni mwenye kikohozi. Halafu mguu wa Jumaly, na ombi la kupunguziwa malipo mpaka upone. Mwisho: nijibuni upesi.

Nilikuwa nimempa Begaiym aisome kwanza. Nikauliza, nifute salamu?
Akasema ziache, dada. Hakuna aliyewahi kuwasalimu.

Alhamisi, 19 Septemba
Mchana. Nakanda unga. Simu inalia mezani — ndoo siku hizi ni ya unga tu. Namba ni ya benki. Jumaly kashika mkongojo wake, kasogea karibu. Mama anasema, pokea, hawatakula mtu.

Nimepokea. Nikasema hamjambo hapo, na nyumbani hawajambo?
Yule msichana akacheka. Hatujambo wote, mama, hata mlinzi, kikohozi kimepungua.

Amesema barua imefika mezani kwa mkubwa, nisikate simu, anakwenda kumwita. Nasubiri. Simu sikioni, kalamu mkononi, unga umejaa kwenye ukurasa. Mama anaropoka huku nyuma: waambie waseme haraka, chai inapoa, na kama ni jema waje wanywe.

Nasikia simuni viatu vya mkubwa vinakuja.