Ukuta wa Picha Niliomtegea Dada Yako

Spesioza, mwenzangu,

Amahoro, amani kama mnavyosema kwenu, huko uliko. Mtoto wako hajambo, nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalotaka kusikia. Neema yuko kidato cha tatu, mrefu kunizidi, na Kasulu nzima hakuna msichana anayepiga pasi sare kama yeye. Hayo si majivuno, waulize walimu.

Ninachokuandikia ni habari ya mwanamke aliyekuja. Anaitwa Domitila, anatoka kambi ya Nduta. Alipitia kwa akina mama wa kanisani, akasema yeye ni dada yako mkubwa na amesikia uliniachia mtoto. Sasa fikiria. Tangu tulipokuzika, enzi zile za kambi ya Mtabila, hakuna aliyebisha hodi kumuulizia Neema. Leo watu wa Nduta wanarudi kwao Burundi, ndiyo dada anatokea. Anataka kumwona, au kumbeba? Na wewe jina lake hukunitajia. Ulikuwa unasema "mkubwa wangu" tu, basi.

Nikamwambia aje Jumapili. Kabla ya hapo nikatengeneza ukuta wa sebuleni.

Ukuta umependeza, Spesioza. Nimepaka rangi ya maziwa, nikanunua fremu nyeusi za aina moja. Picha nilizitandaza kwanza kwenye mkeka, nikazihamishahamisha mpaka jicho likaridhika: kubwa katikati, ndogo kuizunguka, nafasi ya vidole vitatu kati yao, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Mwalimu jirani, yule wa Tanga, alisimama mlangoni akasema, "Mama Eliya, huu ukuta umetoka Dar?" Nikamwambia umetoka kichwani kwangu.

Lakini wewe nilikuficha. Picha yako ile moja, uliyopiga ukiwa umeshakonda, kilemba kimeshuka mpaka kwenye nyusi, niliiweka kati ya akina mama wa kwaya. Nikasema moyoni, kama ni dada yake atamwona. Neema nikamtuma kwa mama yangu makusudi.

Domitila alikuja na mfuko wa maharage. Nikamwambia atazame picha kwanza, chai inakuja. Akaanza kushoto. Akapita harusi ya Eliya wangu, akafika kwenye kwaya, akakupita wewe kama mtu anayepita duka lililofungwa. Nikafurahi, nisikudanganye. Nilishaanza kupanga maneno ya kumtoa.

Akafika kwenye picha ya Neema ya kipaimara, na lile gauni jeupe nililolishona mwenyewe. Hapo hakusogea tena. Akasema polepole, "Spesioza. Akikatazwa kucheka anauma mdomo upande."

"Huyo si Spesioza," nikamwambia. "Huyo ni mwanangu."

Akakaa chini, pale pale sakafuni.

Na mimi miaka yote nawaambia watu ule mdomo Neema ameuiga kwangu. Nikakukumbuka sokoni, unapima maharage kwa kopo, umeuma mdomo upande uleule usiwacheke wateja waliokuwa wakibishana nami. Nilikuwa nimesahau kabisa, mwenzangu. Kabisa.

Nikaishusha picha yako nikampa. Aliishika muda mrefu. Akasema hakukutambua, hakuwahi kukuona mgonjwa.

Chai ikapoa, mimi nasubiri aseme anamchukua mtoto. Hakusema. Aliuliza tu, "Atakubali kuja kuniamkia?" Bado namchunguza, hasa huo upole wake. Mtu mpole hivyo huwa simwelewi.

Neema nimemwambia yote. Akauliza, "Kwa hiyo nina mama mkubwa?" Nikamjibu inaelekea hivyo. Akaenda uani, akakaa huko peke yake mpaka nikamwita kula.

Jumamosi nampeleka Kibondo, karibu na kambi ya Domitila, wakutane kanisani. Nakuahidi sitamnyima ndugu yake. Siku ya kwanza nitakaa katikati yao. Ya pili nitasogea kidogo.

Pumzika sasa.

Mimi, Mama Eliya