Mbegu ya inyame ya noko Fulgence

Divine, noko yako Fulgence, mujomba wako huyu, ametutia haya leo, ee Mungu!

Tulivuka muto mupaka kwa wale tulipiganaka nao. Yeye, na formasio yake ya siku mbili ya kulima, akajifanya agronome, mwalimu wa kilimo: mbegu ya inyame, ile viazi vikuu, mupakaze majivu, yenye kuoza muchome!

Mama Véronique wa kule akamuletea inyame moja, vidudu vimeitoboa yote. Fulgence akacheka:

"Choma! Ni mujinga gani alikupatia mbegu hii?"

Mujinga gani! Alisema hivyo, mbele ya chefu wa kijiji yao!

"Ni weye, papa. Kitunga ile ulituletea siku ya kupatana."

Noko akaangalia viatu yake.

"Na kwa nini mulipanda?"

"Matundu tuliona siku ileile. Lakini tungetupa, mungesema tumekataa amani."